Tulipopakana na Zimamoto

Mwezi uliopita nilirudi Ifakara kwa ubatizo wa mtoto wa dada yangu. Tukiwa uani tunachagua chuya kwenye mchele wa pilau, gari la zimamoto likapita barabarani likipiga king'ora. Watoto wote wakakimbia kulishangilia. Mimi nilibaki na ungo wangu, nikaipa barabara mgongo, na dada akaniona. "Bado tu?" akaniuliza. Bado, rafiki yangu. Sogeza kiti nikusimulie.

Bibi aliyetulea alikuwa na nyumba pembezoni mwa mji, ikipakana na kituo cha zimamoto. Katikati palikuwa na michongoma tu, tena yenye upenyo aliouacha bibi makusudi, maana alisema jirani hazungukwi. Nisikufiche, raha zilikuwepo. Askari wakiosha gari walitupandisha kwenye kiti cha dereva, na shuleni tulitamba kupita kiasi. Vibaka walituogopa. Karaha nazo hazikukosekana. King'ora kikilia, kuku aliyeatamia aliruka akavunja mayai, mbwa wa mtaa mzima wakabweka, na mpunga tulioanika kwenye turubai ukajaa vumbi la magurudumu, tukaupepeta upya. Tukinung'unika, bibi alitunyamazisha: "Fimbo ya mbali haiui nyoka. Yetu iko hapa hapa."

Na fimbo hiyo aliitunza. Kiangazi mabomba yakikauka, askari walipita kwenye upenyo kuja kuchota kisimani kwetu. Mkuu wao wa zamu aliletwa kutoka mikoa ya mbali, hana mke wala ndugu hapa, basi akawa mtu wa kwetu. Alikula wali wa mpunga mpya na kambale mkavu wa nazi, akakomba sufuria bila haya. Alipougua malaria bibi alimpelekea uji na kumfulia mashuka. Alimwita "mwanangu", naye akamwita "mama". Sisi tulimwamkia, "Shikamoo mjomba."

Moto ulitushukia mchana, tumetoka kuvuna. Ulianzia kwenye banda la jiko, cheche zikarukia ghala. Humo mlikuwa na mpunga wetu wote: chakula cha mwaka, na ada ya dada aliyekuwa amefaulu kwenda sekondari. Wajukuu tulikimbilia ndoo. Bibi alikimbilia kwenye upenyo na, utaamini, moto nyuma yake, alipiga hodi kwanza!

Alimkuta askari mmoja tu, ameshika kichwa. "Bibi yangu, gari halipo. Mkuu ameondoka nalo kumwagia maji barabara. Kuna mgeni mkubwa anapita, asije akala vumbi."

Majirani walipambana kwa ndoo na mchanga, nyumba ikapona. Ghala liliteketea lote. Mpunga uliendelea kupasuka ndani ya majivu, na mtaa wote ulinukia bisi. Gari liliporudi, tangi lilikuwa tupu.

Hilo bibi angelimeza. Amri ni amri, na mgeni ni mgeni. Kilichomvunja ni mkutano wa mtaa. Mwenyekiti alimuuliza mkuu wa zamu kwa nini gari halikufika. Mjomba akasimama, kofia kwapani, macho chini. "Mwenyekiti, kituo hakikupokea simu yoyote kuhusu moto huo."

Ni kweli, hatukupiga. Nani humpigia simu mtu aliye ng'ambo ya michongoma? Watu wakamgeukia bibi wakimtazama kama mzembe. Akainuka polepole.

"Mwanangu, ulipokuwa unakuja kula kwangu ulipiga simu?"

Watu walicheka. Mjomba akaketi bila kusema gari lilikuwa wapi. Kikao kikaamua kwamba mwenye nyumba alichelewa kutoa taarifa. Dada hakwenda sekondari.

Siku chache baadaye mjomba alikuja na mfuko wa sukari. Hakupita kwenye upenyo, alizunguka barabarani. Bibi alimtolea kiti cha wageni, akampangusia vumbi kwa kanga, akamwekea chai. "Karibu, afande," akamwambia. Yule bwana alikunywa haraka akaondoka, na sijawahi kuona mtu akifukuzwa kwa adabu namna ile.

Sasa bibi ametangulia mbele za haki. Kituo kilishahamishwa, michongoma iling'olewa, na pale pamejaa vibanda vya kutuma pesa na saluni. Watu wanasema mtaa umeendelea, na sibishani nao. Kilichotoweka ninakijua mimi na dada. Tulikuwa tunaamini kwamba mtu aliyekula kwenu hawezi kusimama mbele ya watu akawakana. Nimehama miji kadhaa tangu hapo, na kila nilipofika nimepata majirani wema. Napeleka chakula kwao, wanaleta kwangu, tunazikana. Lakini siku ya kwanza tu, kabla hata sijawauliza majina ya watoto wao, nawaomba namba za simu.