Bega la Kushoto

Nilimvalisha mwigizaji yule miaka mingi katika ukumbi wetu wa michezo ya kuigiza pale Bochum, Ujerumani, na hadi leo nikinusa mvuke wa pasi namwona amesimama mbele ya kioo, akitafuna tango la siki huku nikihangaika na vifungo vya mgongoni. Watu wa sokoni walimjua kwa filamu zake. Sisi tulimjua kwa vidole vyake, baridi hata wakati wa kiangazi, na ule mnong'ono wake uliofika hadi viti vya nyuma.

"Umenenepa, au gauni limesinyaa?" nilimuuliza.

"Gauni limezeeka, Hannelore. Mimi bado mbichi."

Kisha, kama kabla ya kila onyesho, aliniinamishia bega la kushoto, nami nikamtemea, ptu, ptu, ptu, mate makavu ya kumtakia heri. Kwetu watu wa jukwaani, anayetemewa hashukuru; ukishukuru, bahati ya onyesho umeifukuza. Waigizaji wapya waliposahau na kusema asante, aliwafokea: "Limeze hilo neno." Yeye hakusahau hata siku moja.

Jioni ya mwisho kabla ya likizo ya kiangazi alirudi chumbani, makofi bado yakisikika ukumbini. Nilimfungua vifungo. Akafuta rangi usoni, kisha akainamisha bega.

"Onyesho limekwisha, mama," nikamwambia.

"Wewe tema tu."

Nikatema. Akanitazama kupitia kioo, akasema polepole, "Asante, Hannelore."

Msimu uliofuata nilipiga pasi magauni ya mtu mwingine.