Uso Usiotaka Kusafiri

Vrrr. Kimya. Vrrr. Kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo la maziwa. Ilikuwa simu ya mgeni wetu ikitetemeka juu ya meza ya mbao, na katika mji wetu mzima wa Baraka, kando ya ziwa, sidhani kama kulikuwa na simu nyingine isiyoimba. Ya mama mdogo iliimba kwaya. Ya jirani yetu, yule anayekaanga mandazi, ililia kama mbuzi, na mbuzi wake wa kweli walikuwa wanaiitikia. Ya mgeni ilitetemeka mara mbili, ikanyamaza, na yeye mwenyewe akainama kidogo kuielekea, utafikiri imebisha hodi.

Alikuwa Mjapani. Alikuja kufanya kazi na akina mama wanaoanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, kule Lweba, wajenge vichanja virefu ili samaki waache kula mchanga. Akapanga chumba kwetu, yaani kwa mama mdogo, ambaye ni mdogo wake mama yangu na ni kiongozi wa hao waanikaji. Mimi nilikuwa nimeshuka kutoka Fizi, kule juu mlimani, baada ya sekondari kunishinda mapema. Nilipika, nilifagia, na muda uliobaki niliota. Niliota kuwa mtangazaji wa redio. Sufuria za mama mdogo zilisikiliza habari nyingi sana mwaka ule.

Kiswahili cha mgeni kilitoka kwenye kitabu, na kilikuwa bado kimepigwa pasi. "Samahani, naomba kuuliza iwapo maji yamechemka." Mimi namjibu, "Iko nachemka, dada." Tulielewana.

Nilikuwa na maswali mengi juu ya kwao. Watu wanaotengeneza pikipiki na redio, nilidhani wanaishi ndani ya intaneti asubuhi hadi jioni, na kwamba hata kuku wao wana picha ya profili. Alicheka akiziba mdomo kwa kiganja. Akaniambia kwao watu hupanda treni wote wakitazama simu, lakini hakuna anayeongea nayo. Ikilia, mwenyewe anaona haya kama mtu aliyejamba kanisani. Hilo la kujamba ni langu, yeye alisema tu "anajisikia vibaya."

"Wengi husoma," akasema. "Wanaoandika ni wachache. Na wanaoandika, wengi hujificha."

"Na mama yako?"

"Kwenye simu mama hutazama hali ya hewa. Na tetemeko la ardhi. Jambo kubwa, anaandika kwenye karatasi, anaiingiza kwenye mashine ya faksi, na karatasi kama hiyo inatokea upande wa pili."

Nilimwonea huruma mama huyo. Baadaye nikafikiri kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwamsha kwa ujumbe wa kusema atume ujumbe huo kwa watu wengine apate baraka, na huruma ikapungua.

Akina mama walimwingiza kwenye kundi lao la simu. Hapo ndipo walipoona maajabu. Jina lake lilikuwa herufi moja tu. Picha yake ilikuwa paka aliyetugeuzia mgongo.

"Ata paka yake haitaki kutuona," jirani akasema.

"Labda iko na deni na we," mama mdogo akamjibu.

Kibaya zaidi, alikuwa anasoma ujumbe bila kujibu. Kwetu ukituma "Mumelala je?" kwa kundi, watu wote wanajibu, hata wenye bado wamelala. Mgeni alisoma, akanyamaza. Nilimtetea kadiri nilivyoweza, lakini na mimi nilikuwa natamani kujua.

Siku moja tulikuwa tunachambua maharage nikamuuliza kwa nini anajificha nyuma ya paka. Alinijibu akiendelea kuchambua. Kwao alikuwa anafanya kazi mapokezi katika maktaba ya mji. Mzee mmoja akamfokea mbele za watu, na yeye, kwa uchovu na woga, kicheko kikamtoka. Mtu akarekodi. Jioni watu asiowajua walikuwa wanabishana juu yake: wengine wanataka afukuzwe, wengine wanatukana meno yake, mmoja akaandika hadi mtaa anaokaa. Akahama nyumba, kisha akaacha kazi.

"Hapa ninapumua," akasema. "Uso wangu ukitoka hapa, utafika kule. Ukifika kule, itabidi niondoke na hapa pia."

Alisema hivyo huku akitupa harage bovu, bila kulia. Mimi ndiye niliyelia, kidogo, nikasingizia moshi, na jiko lilikuwa bado halijawashwa. Kuanzia hapo nilijua anachohitaji kwetu ni kimoja tu, na sikutaka aondoke. Nikamwambia mama mdogo asimpige picha.

"Mi nimupige picha ya nini?" akasema. "Telefone yangu imejaa. Ata sura yake haiwezi kuenea."

Sasa, kwetu mtu akifiwa, anaondoa picha yake ya profili na kuweka ya mshumaa kwenye giza. Humuulizi kitu. Ukiona mshumaa, unapima unga.

Jumamosi moja mgeni alikuwa amejifungia chumbani tangu asubuhi. Mimi mega za intaneti zilikuwa zimeniishia siku nyingi, kwa hiyo sikujua chochote kinachoendelea kwenye simu za wengine. Niko nyuma ya nyumba natwanga sombe, majani ya muhogo, nasikia kilio kinatokea barabarani. Mama mdogo mbele, jirani nyuma yake, halafu waanikaji wa Lweba na mikeka, unga, ndagala kwenye mabeseni, na vikwembe, vile vitenge vyao, vimefungwa kiunoni.

"Nani alikufa?" nikamuuliza mama mdogo.

"Ya kwabo Mujapani. Haukuona? Paka imetoka. Ameweka mushumaa."

Nikauacha mchi kinuni. Yule mama wa karatasi na mashine, nikawaza. Masikini. Lakini nilipoinua macho, niliona kitu kingine: simu zilikuwa juu, zote zimeelekezwa mlangoni kwake.

Msiwahukumu. Kilio cha kwetu kinarekodiwa. Wenye wako Bukavu, wenye wako kambi za wakimbizi ng'ambo ya ziwa, hiyo ndiyo namna yao ya kukaa na sisi mkekani. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini mlango ungefunguka, uso ungetoka, na kabla sombe yangu haijachemka ungekuwa umevuka ziwa.

Nikachukua beseni kubwa la kufulia, nikasimama nalo mlangoni.

"Bamama, mungojee kwanza. Kwabo, kilio haipokeyaki telefone. Telefone inabakiya inje."

"Nani alikuambia?" jirani akauliza.

"Yeye mwenyewe. Aliniambia kwabo telefone hailiyaki mbele ya batu." Nusu hiyo ilikuwa kweli, na nusu iliyobaki niliibeba mwenyewe.

"Na bwana yangu akiniita?" jirani akauliza tena.

"Atangojea. Usiku muzima anangojeaka ndagala ku ziwa. Atashindwa kukungojea we?"

Mama mdogo alinitazama kwa jicho lile la kusema tutaonana jikoni. Lakini yeye ndiye mwenye nyumba, na kiongozi. Asingekubali mbele ya watu wake kwamba hajui desturi za mgeni wake.

"Njo vile, ni kweli," akasema kwa sauti kubwa. "Mi nilikuwa najua." Akawa wa kwanza kuweka simu yake ndani ya beseni.

Zikafuata zote. Nikafunika beseni kwa kikwembe. Yangu niliiacha kiunoni. Mwenye kutunga sheria lazima abakize kamlango kadogo.

Mlango ukafunguka. Mgeni alikuwa na nywele zilizolowa na taulo shingoni. Akina mama wakaangua kilio. Yeye akainama. Walipoona ameinama, wakalia zaidi. Alivyosikia wanalia zaidi, akainama zaidi. Nafikiri tungefika jioni hivyo kama hangenigeukia.

"Samahani," akaninong'oneza, "nani amefariki?"

"Wa kwenu, dada."

"Wa kwetu nani?"

"Hatujui. We njo unajua."

"Mama yangu nimeongea naye leo asubuhi. Analalamikia mvua."

Kilio kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Jirani ndiye aliyebaki kidogo, alikuwa katikati ya pumzi. Mama mdogo akaweka mkono kiunoni.

"Na mushumaa?"

Mgeni akatoa simu mfukoni, akaifungua ile picha yake mpya, akaikuza. Haikuwa mshumaa. Ilikuwa ziwa letu usiku, na taa moja ya mtumbwi wa ndagala mbali kuelekea rasi ya Ubwari. Aliipenda, akamwondoa paka ili aiweke. Kwenye kile kiduara kidogo cha profili ziwa lote lilikuwa limegeuka giza, na taa ikawa mshumaa.

Simu ikapita mkono kwa mkono. Jirani akaishika kwa muda mrefu.

"Ulipiga lini?"

"Siku ile ya upepo mkubwa."

"Benzake bote balirudi juu ya mupepo. Yeye peke yake njo alibakiya, tulikuwa tumegombana." Akamtazama mgeni. "Kumbe umeua bwana yangu ku telefone."

"Basi we njo mufiwa," mama mdogo akamwambia. "Ulie vizuri sasa. Mbele ulikuwa unalia kidogo."

Tulicheka hadi mmoja akakalia ndagala. Mgeni naye alicheka, mkono mdomoni. Ila mama mdogo alikuwa bado na kesi yake.

"Na juu ya nini unasomaka message zetu unanyamaza?"

"Kwetu, ujumbe ukiwa wa watu wengi, kila mtu akijibu, simu za wote zinasumbuliwa. Nilinyamaza kwa heshima."

Mama mdogo akafikiri. "Heshima ya kwenu iko kimya sana, mutoto yangu. Batu banaweza kukuzika nayo."

Wakati huo beseni likaanza kuimba. Kumbe kabla ya kufika walikuwa wameshatangaza kwa maneno kwamba Mjapani wetu amefiwa, na sasa Bukavu inapiga, kambi zinapiga, Lweba inapiga, wote wanatoa pole. Kwaya, rumba, kengele, mbuzi. Mbuzi wa jirani wakajibu kutoka nyuma ya nyumba. Akina mama wakainuka kuelekea beseni, mmoja ameshafunua pembe ya kikwembe, na hapo nikamwona mgeni: mkono wake ulipanda wenyewe ukaziba uso. Hakuwa anacheka tena. Aliutafuta mlango kwa kisigino, bila kugeuka.

Mama mdogo naye aliona. Sikuwahi kumweleza habari za maktaba. Siri haikuwa yangu. Lakini alimshika mgeni bega, akamketisha mkekani mgongo ukiwa kwa beseni, akarudi akakifunga kikwembe na fundo.

"Muache ilie," akawaambia wenzake. "Inalia pa nafasi yetu. Unga iko hapa, sombe iko hapa. Tukule."

Tukasonga bugali. Chakula cha kilio hakirudi nyumbani, hata kama maiti amekosekana. Mgeni alikula kwa mkono, akijiunguza kila tonge, na katikati ya tonge moja machozi yakaanza kumtoka. Jirani akasema ni pilipili. Mgeni akatikisa kichwa.

"Kule walikusanyika watu wengi kwa ajili yangu," akasema. "Hakuna aliyeleta unga."

Hakuna aliyemuuliza kule ni wapi. Mama mdogo akamwongezea ndagala.

Mwishoni aliniita pembeni. Simu yake ilikuwa imezimika. Aliomba nimpige picha moja na akina mama wote, kwa simu yangu, iende kwa mama yake, kwake tu. Akachukua kalamu akaniandikia namba ya mama yake kwenye kiganja. Nilipiga. Mungu anisamehe kujisifu, sijawahi kupiga picha nzuri kama ile: bugali mkononi, kinywa wazi, meno yote nje, na safari hii mkono haukuziba kitu.

Wakati wa kuondoka kila mmoja alichukua simu yake kwenye beseni. Mama mdogo alikuja kwangu, mtamu kama asali.

"Mutoto yangu, unitumie ile picha. Nitaweka ku statu. Mi nimetoka muzuri."

"Ndiyo, mama."

"Hauna mega? Nakutumia."

Akanitumia. Ni mwema, mama mdogo.

Nilipanda peke yangu hadi kwenye mwinuko nyuma ya shule, rezo, yaani mtandao, inapokamata. Jua lilikuwa bado juu ya milima. Nikasoma namba kiganjani, jasho lilikuwa limeanza kuila, nikatuma picha Japani kwa mega za mama mdogo. Kisha nikachukua ile ile picha, nikaikata pande zote hadi akabaki mama mdogo peke yake na kilemba chake, kweli alikuwa ametoka vizuri, nikamtumia hiyo.

Tiki za Japani zikageuka buluu. Nikangoja. Yule mama alikuwa ameiona, na hakujibu neno. Miezi michache nyuma ningemnunia. Nilikaa tu pale na heshima yake.

Halafu nikaitazama picha mara ya mwisho, nikaifuta kwenye albamu. Nikafungua ujumbe niliotuma Japani, nikabonyeza kufuta na hapo. Simu ikaniuliza: ifute kwa wote, au kwangu tu?

Nikachagua kwangu tu.