Injini Isiyo na Gari

Kila Jumamosi tangu mwezi wa tano nilikuwa nikikagua magari ya watu, na sikuwa na hamu nayo hata kidogo. Naomba hilo lieleweke mapema. Mimi ni mhudumu wa maktaba chuoni Chimwaga, miguu inavimba nikisimama sana, na gari kwangu ni kitu cha kunifikisha kazini bila kuniaibisha njiani. Lakini stoo kwangu kulikuwa na injini ya silinda sita, yenye turbo, imefunikwa turubai, na injini hiyo ilikuwa ya marehemu mume wangu. Ilihitaji gari. Gari la mbio, la mkononi kwa mtu, la bei ya mtumishi wa kawaida, lenye nafasi ya kutosha chini ya boneti na bodi isiyo na majeraha yaliyofichwa. Jaribu kulitafuta gari la namna hiyo hapa Dodoma, halafu uje tuongee.

Mume wangu alikuwa fundi. Injini ile aliijenga kwa miaka miwili, jioni baada ya kazi za watu, kwenye meza ya chuma nyuma ya nyumba. Alifunga, hakuridhika, akafungua tena. Alikuwa na tabia moja: kila bolti aliyoikaza kwa kipimo aliipaka tone la rangi kichwani, ili kesho yake ajue aliishia wapi. Rangi yenyewe ilikuwa ya kucha, nyekundu iliyokolea, na ilikuwa yangu. Nanunua chupa, napaka mara mbili, mara ya tatu naikuta imebaki nusu na brashi inanuka oili. Tuligombana kwa ajili ya rangi ile kuliko tulivyowahi kugombana kwa jambo lolote la maana. Mwisho nikaificha chupa ndani ya ndoo ya mchele, na alipoiulizia nikamwambia akanunue ya kwake.

Haukupita muda akaugua. Alipolazwa aliniambia, "Injini nimeimaliza. Imebaki kuitafutia gari tu." Hakurudi nyumbani.

Tulipomaliza matanga, vitu vyake viligawanywa kama desturi ilivyo. Mashati wakachukua wadogo zake, baiskeli akapewa mpwa wake, spana zote akakabidhiwa fundi mwenzake waliyejifunza naye kazi. Injini ikabaki kwa sababu ilikuwa nzito na hakuna aliyekuja na gari la kuibebea. Kaka yake mkubwa alisimama mlangoni mwa stoo akaitazama.

"Shemeji," akasema, "mdogo wangu hakuwahi kumaliza kitu. Hii usiihesabu kama injini. Ni chuma chakavu."

Alilirudia neno hilo kila tulipokutana, kwenye harusi na kwenye misiba, kwa miaka minne. Si mtu mbaya. Alimsomesha mume wangu, akamwona anaacha shule, anaacha kazi ya serikali, anaacha ujenzi wa nyumba ukiwa kwenye lenta. Mwaka huu akanipigia simu kwamba amepata mnunuzi wa vyuma, na kwamba mavuno yakiisha atakuja na lori kuiondoa. Nilikaa na simu mkononi hadi ikazima mwanga. Nilichokuwa nacho cha kumjibu ni maneno ya mgonjwa tu. Basi nikaamua injini ile iwake kabla lori halijafika, ili angalau kitu kimoja cha mume wangu kihesabiwe kuwa kimekwisha.

Nikaenda gereji ya fundi mwenzake, huko Kizota. Nilipomweleza alifuta mikono kwa kitambaa, akafuta tena ingawa ilikuwa imeshatakata. "Tutatafuta, shemeji," akasema. "Ila usiniharakishe."

Hakuharakishwa. Fundi huyu ana sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, ameifunga kwenye leso isikwaruze rangi. Anaipitisha kwenye bodi ya gari polepole, na panaposhindwa kunasa anajua hapo chini hakuna bati, kuna puti ya kuzibia mashimo. Huzungumzi naye wakati huo. Gari la kwanza lilikuwa la kijana mmoja wa ofisi za serikali, Altezza ya bluu inayometa, rimu nyeupe.

"Sister, body iko fresh kabisa," kijana akaniambia. "Hii ni clean, sijawahi hata kuigusisha."

Sumaku ikadondoka mlango wa nyuma, ikadondoka kwenye bawa la nyuma, ikadondoka kwenye nguzo ya paa. Fundi aliiokota mara zote tatu. Mara ya tatu kijana akaanza kuangalia simu yake.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Kibaigwa, kwa dalali wa mahindi aliyekuwa na gari la milango miwili lililoegeshwa katikati ya malori. Upepo ulikuwa unavuma, vumbi na makapi ya mahindi vikituingia machoni. Dalali akatuapia kwamba gari lile ni la starehe, halijawahi kubeba mzigo. Fundi alipofunua zulia la nyuma tukakuta mahindi yameota, miche miwili ya kijani imenyooka vizuri. Maana yake maji yanaingia, na bati la chini limeoza. Mimi nilicheka hadi nikaketi kwenye gunia la mtu. Nilikuwa nimechoka, na nikichoka nacheka vibaya. Dalali naye akacheka, akapunguza bei.

Yalifuata mengine ambayo sitayaeleza yote. Moja lilikuwa limekatwa katikati na kuunganishwa na la pili. Jingine kadi yake ilikuwa na jina la mtu ambaye hakuna aliyemjua. Kila Jumamosi jioni narudi nyumbani, naloweka miguu kwenye beseni, naangalia mlango wa stoo. Nilianza kumchukia marehemu kidogo kidogo, nakiri. Mtu anakufa, anakuachia kazi ya kubembeleza madalali.

Jambo moja linanishangaza mpaka leo. Katika miezi yote hiyo hakuna kati yetu aliyefunua turubai. Mimi niliogopa kuumia. Fundi aliona ni kukosa adabu kukagua kazi ya mwenzake aliyetangulia, kama vile anamtilia shaka na mwenyewe hawezi kujitetea. Tulichokonoa magari ya watu wa mkoa mzima kwa tochi na sumaku, na kitu pekee tulichokiamini bila kukitazama kilikuwa stoo kwangu.

Gari tulilipata Chamwino, kwa mwalimu mstaafu. Chaser nyeupe, gia za mkono, namba za zamani, viti vimefunikwa mashuka yaliyopigwa pasi. Injini yake ilikuwa imekufa mwaka mzima, ndiyo maana hakuna aliyeitaka. Sisi hatukuhitaji injini.

"Shikamoo, baba," nikamsalimu.

"Marahaba. Mnakwenda kulifanyia nini?"

"Kwenda kazini tu, mzee," fundi akadakia haraka.

"Kwenda mbio," nikasema. Sikuwa na nguvu ya kudanganya.

Mzee akanitazama, kuanzia kilemba hadi kandambili. "Mbio za kwenda wapi?"

Fundi alipitisha sumaku kwenye gari lote, mlango kwa mlango, na haikudondoka hata mara moja. Alipomaliza aliikunja leso vizuri akaitia mfukoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiificha kabla hatujaondoka. Mzee akaondoa mashuka yake, akayakunja, akasema hayo hayauzwi.

Wiki mbili baadaye Chaser ilikuwa Kizota haina kitu chini ya boneti, na injini ya mume wangu ililetwa kwa toroli, watu wanne wakisukuma. Kaka yake nilimwita mwenyewe. Kilikuwa kiburi, sina jina jingine la kukiita. Nilitaka asimame pale aisikie ikinguruma. Alikuja na koti lake la kanisani, akakaa kwenye benchi ya gereji, fimbo katikati ya magoti.

Fundi akavuta turubai. Injini ilikuwa safi kuliko nilivyoikumbuka. Akasema imelala miaka minne, haiwezi kuwashwa kavu, lazima afungue mfuniko wa juu aimwagie oili kwanza. Akafungua. Akainama. Akabaki ameinama hadi nikasogea.

Chini ya mfuniko zilikuwa zimepangwa bolti za hedi, zile zinazoshikilia kichwa cha injini, kumi na nne, safu mbili. Kumi zilikuwa na tone jekundu kichwani. Rangi yangu. Nne za pembeni hazikuwa na kitu.

"Bolti hizi unaanza kukaza katikati," fundi akasema taratibu, "unakwenda ukimalizia pembeni. Hizi nne ndizo za mwisho."

Kaka yake alikuwa amesimama nyuma yetu. "Nilikwambia, shemeji," akasema. Hakulisema kwa furaha. Alilisema kama mtu aliyetamani mara hii awe amekosea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilimwona mume wangu kitandani hospitali akinitazama machoni na kunidanganya. Nikahisi miguu yote miwili, na Jumamosi zote, na mahindi yaliyoota chini ya zulia. Nikataka kuwaambia wairudishe kwenye toroli.

Fundi akaenda kwenye sanduku la spana, zile alizogawiwa siku ya matanga. Akatoa spana ndefu ya kipimo, ile inayolia tak bolti ikiwa imefika nguvu inayotakiwa. Ilikuwa imezungushiwa plasta kwenye mpini, plasta ya mume wangu. Akapanga kipimo, akaangalia mara mbili. Akaivisha kwenye bolti ya kwanza isiyo na rangi, akavuta.

Tak.

Bolti haikusogea hata chembe. Akaenda ya pili. Tak. Ya tatu. Ya nne aliivuta kwa macho yaliyofumbwa, nayo ikalia.

"Zimekazwa," akasema. "Zote nne, kwa kipimo. Huyu alimaliza."

"Sasa mbona hakuzipaka rangi?" kaka yake akauliza. Aliuliza kweli, akitaka kujua. "Yule hakuacha kupaka."

Fundi akatikisa kichwa, hakujua. Mimi nilijua. Nilimwona amesimama mlango wa jikoni, mikono ina oili, akiniuliza ile chupa iko wapi, amebakiza kidogo tu. Na mimi sikugeuka hata kumwangalia.

Niliwaambia wanisubiri. Nikapanda bodaboda hadi nyumbani. Ndoo ya mchele imebadilishwa mchele mara nyingi tangu wakati ule, lakini chupa kila mara niliirudisha chini, sijui kwa nini. Rangi ilikuwa imeganda. Fundi akaidondoshea tina ya kuyeyushia rangi, akaitikisa hadi ikalegea, akanikabidhi brashi.

Nikapaka ya kwanza. Rangi ikachuruzika kidogo pembeni ya bolti. Kaka yake akanishikia kiwiko. Nikapaka ya pili, ya tatu, ya nne, na kila moja nikasema, kwa sauti, mbele yao wote wawili, "Nisamehe."