Magurudumu Chini ya Kitanda

Katika miaka ile ya utawala wa kijeshi, gari lililoweza kutembea Kampala halikuwa la mwenyewe kwa muda mrefu. Wanajeshi walilipenda, wakalichukua. Kwa hiyo, siku moja kabla ya kumpeleka mke wangu Mombasa kwa treni, nilililaza gari letu juu ya matofali, nikayang'oa magurudumu yote manne, nikayafungia chumbani chini ya kitanda. Tangi lilikuwa na petroli niliyoipangia foleni siku mbili.

Jirani yetu pale Naguru, karani aliyetoka kaskazini, alinitazama kutoka uani kwake.

"Mwalimu, hiyo gari inaatamia matofali? Itatotoa lini?"

Sikucheka, naye akaacha mzaha. Mkewe alikuwa katika mwezi wa mwisho, na mimba yao ya kwanza ilikuwa imeharibika.

"Acha magurudumu, Mwalimu. Ufunguo ya gari nitaweka mimi. Bibi yangu akipata uchungu, mi natoa gari wapi?"

Nilimjibu kwamba mwanamume mwenye busara huyapanga mambo ya nyumba yake mapema. Nikaacha ufunguo wa gari humo ndani, nikafunga chumba, nikatia ufunguo wa mlango mfukoni.

Tuliposhuka stesheni ya Mombasa, dalali mmoja alitukimbilia. "Karibuni wageni! Gari la kukodi lipo, mzee, kwa bei ya kindugu!"

Nilimwambia kwamba miguu tuliyopewa na Mungu inatutosha.

"Mwambie na letu limekalia matofali," mke wangu akasema.

Kwa juma zima tulitembea. Kila siku tulipita vichochoro vya mji wa kale hadi baharini, na kila siku nilisifu afya na uhuru wa mtu asiye na gari. Jumatano asubuhi mke wangu aliketi kwenye ukuta mfupi wa pwani, akavua viatu. Visigino vilikuwa vimechubuka.

"Baba watoto, hata huku unafundisha?"

Kisha, akiyatazama maji, akauliza kama yule mama wa jirani amekwisha kujifungua. Nikasema hapana shaka yuko salama. Nilisema hivyo kwa sababu bahari ilikuwa shwari na mimi nilikuwa nimeshiba.

Tuliporudi, jirani alitupokea kwa adabu, bila mzaha. Uchungu ulikuwa umeanza Jumatano hiyo asubuhi. Teksi hazikuwapo, kwa kuwa mji mzima haukuwa na petroli. Alikimbia hadi soko la Nakawa akaazima mkokoteni, akamlaza mkewe juu ya magunia, akamsukuma hadi hospitali. Mama alipona. Mtoto, msichana, hakufika akiwa hai.

"Nilishika shoka, nivunje mlango yako," aliniambia. "Halafu nikasema hapana. Ni mlango ya jirani."

Nimesoma vitabu vingi juu ya wema; hilo sikuwahi kulisoma.

Alasiri ile niliyarudisha magurudumu, nikampelekea ufunguo wa akiba wa gari. Aliupokea kwa mikono miwili, akautundika msumarini. Hakuutumia hata mara moja.

Kabla muhula haujaisha, wanajeshi walilichukua gari. Walipokwisha kuondoka, jirani alivuka ua polepole, akabisha hodi. Alikuwa amekuja kunirudishia ufunguo.