Betri Moja Mpaka Koboko

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suruali ya shule, ile niliyofanyia mitihani, imepigwa pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kumenya mhogo. Nilikuwa nimemaliza sekondari, na nilidhani mtu aliyemaliza sekondari huenda kazini akiwa safi. Karakana ilikuwa Arua, nyuma ya soko, chumba kimoja chenye betri za magari zilizopangwa sakafuni kama watoto wa darasa la kwanza wakisubiri uji. Mkuu wa karakana alikuwa mzee wa Koboko aliyestaafu jeshini. Jina lake hatukulitumia. Tulimwita Afande, basi.

Alinitazama kutoka kola mpaka viatu. "Wewe mtoto, hii nguo iko ya harusi ya nani?"

"Ni ya kazi, Afande."

"Sawa. Unakaa kwa nani hapa Arua?"

"Kwa shangazi."

"Anafua lini?"

"Jumamosi, Afande."

"Basi Jumamosi atakuambia kama iko ya kazi."

Sikuelewa, na aliniacha nisielewe. Asidi ya betri, vijana wangu, haina haraka. Tone likirukia kitambaa hulioni, unaendelea kutembea kifua mbele, kumbe nyuzi zimekwisha kufa na zinasubiri maji tu. Jumamosi shangazi aliitoa suruali kwenye beseni ikiwa chujio. Aliiinua juu, akanitazama kupitia matundu, akasema, "Rajabu, mwanangu, nitachujia chai." Kweli alichujia.

Nawaandikia ninyi mnaochaji simu kitandani, kwa sababu hamjui tulikotoka. Zamani hizo umeme wa Arua ulitoka kwenye jenereta kubwa la mji, nao ulikuja jioni kidogo kama mgeni aliyekwisha kula kwingine. Mtu wa Adumi au Kuluva aliyetaka redio yake iseme alifunga betri ya gari nyuma ya baiskeli, akaileta kwetu, akairudia ikishashiba. Ndani ya betri zile mlikuwa na sahani za madini ya risasi zilizozama katika asidi. Kuijua hali yake tulitumia kipima asidi, mrija wa kioo wenye kielea ndani. Kielea kikipanda, betri imeshiba. Kikizama, ina njaa. Na ikikauka unaiongezea maji ya betri, yaliyosafishwa yasiwe na chumvi wala udongo, si maji ya kisima, hata kama kisima ni cha baba yako.

Afande alifundisha mambo mengi kwa kupiga kelele, lakini moja alilifundisha kwa upole. Mteja alikuwa anaigonga betri yake kwa kiatu kwa sababu ilizima katikati ya mpira redioni. Afande akamshika mkono.

"Hapana piga. Betri iko kama askari. Ikichoka, iweke chini, ipumzike, itaamka kidogo." Kisha akanigeukia mimi. "Lakini iko kidogo tu. Usipange vita na ile kidogo."

Somo hilo lilinikaa kwa sababu lililingana na tabia yangu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wapo wanaume wanaosikia lori likinguruma nao moyo unaondoka; mimi nikilisikia natafuta kiti. Nilipooa, nilimwoa Zubeda wa Koboko, kwa kuwa hata mimi ni wa Koboko na sikuona sababu ya kwenda mbali kumtafuta mke. Yeye akabaki kwetu na nyumba na bustani, mimi nikabaki Arua na betri. Ijumaa nilikwenda nyumbani. Jumatatu nilirudi kazini nikiwa na uso wa mtoto anayerudishwa bweni.

Afande alipozeeka karakana ilinunuliwa na kampuni ya umeme wa jua, na nikaanza kuhamishwa. Chini ya Meneja wa Tawi wa kwanza nilipelekwa Adumi, kuchaji betri kwa jua kwenye senta ya maduka. Chini ya Meneja wa pili nilipelekwa Logiri, kazi ileile, vumbi jingine. Kila uhamisho niliomba Koboko. Kila Meneja alinijibu sawasawa, kama waliachiana jibu pamoja na funguo za ofisi: "Koboko hatuna kituo, Mzee Rajabu." Watu wa Adumi walinitendea wema, na wa Logiri walinilisha mpaka nikanenepa. Lakini majani ya kunde kwa simsim, yaani ufuta, anayopika Zubeda hayaliki kwa barua.

Ndipo zikaja pikipiki za umeme.

Siku ya kwanza zilipotua Arua, steji nzima ya bodaboda ilizizunguka. Mmoja aliinama kutafuta bomba la moshi, akakosa. "Hii inapumulia wapi?" Mwingine akasema kitu kinachotembea bila sauti kwetu kina jina lake, na hakipakii abiria. Onzima ndiye aliyepanda kwanza. Huyu alikuwa kijana wa Maracha aliyeendesha kama vile mtu anamfukuza, na kwa kawaida hapakuwa na mtu. Alizunguka soko, akarudi akicheka. "Wazee, inakimbia. Na nasikia watu wanavyonisengenya njiani. Kila neno."

Betri za pikipiki hizo hazikuwa za risasi. Zilikuwa za lithiamu, kisanduku chenye mpini ambacho mtu hubeba kwa mkono mmoja, na ndani yake mna kikadi tulichokiita ubongo. Betri ya zamani ungeweza kuikamua mpaka ife. Hii ubongo wake ukiona imebaki kidogo sana, unakata moto wenyewe ili kuilinda, wala haukuulizi uko wapi wala una mgonjwa. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa kubadilisha: mtu anakuja na betri yenye njaa, anaondoka na iliyoshiba, na sisi tunabaki na ile yenye njaa tukiilisha. Mtu asiyependa safari akapewa kazi ya kukaa mahali pamoja huku safari zikimjia. Nilimshukuru Mungu.

Mkuu wetu sasa alikuwa mhandisi mwanamke, mdogo kwangu kwa umri na mkubwa kwangu kwa kila kitu kingine. Tulimwita Injinia. Asubuhi moja alituita mimi na Onzima.

"Kampuni inaongeza kituo kimoja," akasema. "Ni Koboko au Nebbi. Watu wa Koboko watakuja Arua na kurudi kila siku, na katikati hatutaweka kitu. Kwa hiyo nataka kujua jambo moja. Betri moja, dereva na abiria, inafika Koboko au haifiki?"

"Inafika," nikasema.

"Umeipima?"

"Nimeiombea."

Hakucheka. "Ikifika, unahamia Koboko mpaka ustaafu. Isipofika, tunajenga Nebbi, na wewe ndiye fundi nitakayempeleka."

Nebbi, jamani. Sina ugomvi na Nebbi. Ni mji wa watu wazuri. Lakini kutoka Koboko ni kupita Arua yote kisha kuendelea mbele, na Ijumaa yangu ingekuwa inafika nyumbani Jumamosi. Miaka yangu ya mwisho ya kazi ilikuwa imefungwa juu ya kisanduku kile chenye mpini.

"Abiria atakuwa nani?" akauliza Onzima.

"Nataka mzito kidogo," akasema Injinia, "ili baadaye mtu asiseme tulijipendelea."

Wote wawili wakanitazama. Logiri ilikuwa imenisaliti.

Tulitoka Arua asubuhi, Injinia akitufuata na pikapu yenye betri nyingine nyuma. Tukiigusa ile, jaribio limekufa. Alimwagiza Onzima mambo mawili tu: aende mwendo wa wastani, na akishuka mteremko asizime, kwa sababu motor ya umeme ikishuka huzungushwa na tairi, nayo hurudisha moto kidogo kwenye betri. Hilo la pili lilimuuma. Watu wa bodaboda huzima injini mteremkoni kuokoa petroli, ni tabia iliyoingia mfupani. Kila tulipopata mteremko niliona kidole chake kinakwenda kwenye swichi, nami nampiga begani. "Acha." "Nimeacha, Mzee." "Kidole hakijaacha."

Mpaka Maracha tulikwenda kama maharusi. Kwenye kioo kidogo cha mbele vipande vinavyoonyesha betri vilikuwa vinapungua kwa adabu. Nikaanza kupanga moyoni mahali nitakapoweka kiti changu Koboko. Ndipo pikipiki ya petroli ikatupita, imepakia mama na kuku, na dereva wake akageuka akamwita Onzima kwa jina. Walikuwa wanatoka kijiji kimoja.

"Onzima! Pasi yako ya nguo inapeleka mzee wapi?"

"Usimjibu," nikasema.

Hakumjibu kwa mdomo. Alijibu kwa mkono wa kulia. Upepo ukanijaa kwenye koti, ule mlio mwembamba wa motor ukapanda, nasi tukampita yule bwana, mama na kuku wote wakitukodolea macho. Betri, vijana wangu, haichukii umbali kama inavyochukia haraka. Upepo unaoukinga kwa kifua unalipiwa kutoka kisanduku kilekile. Nilipopata nafasi ya kuchungulia kioo, adabu ilikuwa imekwisha. Vipande vilikuwa vinaanguka kama maembe wakati wa dhoruba.

Ilikata kwenye kilima cha mwisho kabla ya Koboko, katikati ya mpando, na ukimya wake ukabaki ukimya mtupu. Niliona mabati ya kwetu yakimetameta ng'ambo.

Onzima akashuka, naye akafanya ambacho kila mtu wa bodaboda wa kwetu West Nile hufanya akiishiwa petroli. Aliilaza pikipiki ubavu, akaitikisa, akaiacha imelala. Injinia akasimamisha pikapu nyuma yetu, akashuka.

"Mnafanya nini?"

"Tunakusanya ya mwisho, Madam. Ikilala, yale ya kwenye kona yanashuka."

"Yale nini, Onzima?"

Onzima akapapasa mahali pa tangi la petroli, hakuna tangi. "Yale yaliyoko," akasema.

Injinia alikwisha kuushika mpini wa betri ya akiba. Nikamwambia, "Injinia, mkuu wangu wa kwanza alisema betri iko kama askari. Tumwache apumzike."

"Alisema kweli," akajibu. "Ikiachwa itarudi kidogo, na ubongo utafungua. Lakini kidogo hiyo haitapandisha kilima hiki ikiwa na ninyi wawili. Hiyo ni hesabu, Mzee, si ubishi."

"Alisema hilo pia," nikakiri.

Juu yetu bodaboda nyingine ilikuwa inapanda polepole, abiria wake anatembea pembeni ameshika viatu mkononi. Injinia akaitazama muda mrefu.

"Hapa kwenu abiria hushuka mlimani?"

"Wote," akasema Onzima. "Hata mchungaji. Hata bibi harusi."

Injinia akauachia mpini wa betri. "Basi abiria wangu naye ashuke."

Onzima akaisimamisha pikipiki, akawasha. Kioo kikafumbua jicho. Akanigeukia kwa ushindi mkubwa: "Si nilisema ikilala yanashuka?" Akapanda peke yake, mwendo wa kinyonga, nami nyuma kwa miguu. Sijawahi kutembea hivyo tangu niache shule. Nilipanda nikihema, nikiwataja kwa majina watu wote wa Logiri walionilisha. Kileleni nilikaa tena nyuma yake, tukateremka bila kuzima, na kipande kimoja kikarudi kwenye kioo kama mtoto aliyesamehewa.

Tulipita bango la kukaribisha mji. Tukapita nyumba ya kwanza, ya pili, mama mmoja akichoma mahindi. Hapo ikakata kabisa, na hata kulazwa hakukusaidia, ingawa Onzima alijaribu pande zote mbili.

Soko lilikuwa bado mbali, na ng'ambo ya soko ndiko kwangu. Injinia akashuka, akatazama bango nyuma yetu, akatazama mahindi.

"Mama, hapa ni wapi?"

"Koboko," akasema yule mama. "Mulidhani wapi?"

"Niliuliza kama inafika Koboko," akasema Injinia. "Sikuuliza kama inafika sokoni." Kisha akapiga mguu chini, palepale ilipokufa. "Kituo kitakuwa hapa. Siwezi kukiweka mahali ambapo mtu atafika akisukuma."

Ndivyo nilivyorudi nyumbani, na ndivyo nilivyorudi pungufu ya nyumbani. Kituo kikajengwa upande wa Arua, nyumba yangu iko upande wa pili, wa kwendea Oraba, na kila siku mpaka nilipostaafu nilivuka mji mzima kwa miguu kwenda na kurudi. Unene wa Logiri uliisha. Zubeda alimsamehe Onzima polepole sana. Kila alipopita kwetu alimpa chakula, kisha akamwambia, "Kula, mwanangu. Usingemkimbiza yule wa kuku, kituo kingekuwa pale penye bustani yangu."

Niliwahudumia watu wengi pale: wafanyabiashara wa Sudan Kusini, wakulima, wajukuu wa maaskari wanaoendesha kama wako kwenye msafara. Niliwaeleza wote mambo ya upepo, uzito na mteremko, na wote waliitika. Na mpaka leo, betri ikikata, mtu wa Koboko huilaza pikipiki ubavu. Ikipumzika hurudi kidogo, basi husema ni kulala ubavu kulikosaidia. Zamani nilibisha. Siku hizi nawaacha, kwa sababu anayeilaza walau anaipa nafasi.

Sasa nimestaafu. Nikila mchana najilaza ubavu barazani, kama kawaida ya mashine za huku. Jana Zubeda alipita na beseni la kunde, akasimama juu yangu.

"Baba, yameshuka ya mwisho?"

"Yanashuka."

"Yatakufikisha wapi?"

Nikafikiri. Nilihesabu upepo, mpando na mzigo, kwa uaminifu, kama Injinia alivyonifundisha.

"Jikoni," nikasema.

"Inatosha," akasema. "Njoo umenye mihogo."