Siku Pipa Lilipojaa

Jumamosi iliyopita mvua ilinikuta nikisonga ugali hapa Kawangware. Sikuumaliza. Nilizima stovu, nikachukua beseni, nikatoka mlangoni kama watu wote wa ploti yetu, ila wenzangu walikuwa wanaangalia maji na mimi nilikuwa naangalia watu. Binti yangu alikuwa tayari amelowa chapachapa, anaruka chini ya bati. Jirani wa mlango wa pili ameshanizoea. Aliniuliza tu, "Leo pia unatafuta?" Nikamwambia ndiyo.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, maana hata wewe ungeniona pale nacheka huku machozi yananitoka, ungesema huyu mama nati zimelegea.

Nimelelewa Mashimoni, Kibera, chini kabisa karibu na mto, kwenye chumba kimoja cha udongo. Tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu wa kike, na nyanya yetu, tuliyemwita kukhu kama Waluhya wanavyoita. Mama alikuwa amefariki. Baba sikumbuki hata sauti yake. Kukhu alikuwa anafulia watu nguo kule mtaa wa Olympic. Hebu fikiria, mchana kutwa mikono yake iko kwenye maji yanayotoka ukifungua mfereji tu, halafu jioni anashuka kwetu na mtungi mmoja wa kununua kwa kioski cha maji, na mtungi huohuo upike, uoshe vyombo, utuogeshe. Tulioga kwenye karai, maji ya kufunika vidole vya miguu. Mdogo wangu alipenda maji kama bata. Akijaribu kujimwagia mara ya pili, kukhu anamkatiza: "Wee, hayo ni ya kuonja, si ya kuoga." Sisi tulikuwa tunacheka, lakini kukhu hakuwa anatania.

Kwa hivyo mvua tuliiombea na tuliiogopa. Mvua ni maji ya bure, na mvua ni mto kupanda mpaka mlangoni. Kukhu akisikia ngurumo alikuwa anaanza kumshukuru Mungu na kuulilia ukuta wake kwa pumzi moja. Sufuria, ndoo, hata bakuli la uji, vyote vilitolewa nje, na kila chombo kilikuwa na mlio wake. Jirani alikuwa anakaanga omena, na harufu yake ilichanganyika na ya matope na ya mtaro. Mpaka leo harufu hiyo ikinipata, sijui ni njaa inayonishika au ni woga.

Shuleni mwalimu alitufundisha kwamba furaha na huzuni ni vinyume. Haki, yule mwalimu hakuwahi kuishi Mashimoni.

Kuna mwaka vioski vilikauka wiki nyingi. Mama mmoja wa Olympic akampa kukhu pipa la plastiki la bluu ambalo hakuwa na haja nalo, na kukhu akalibiringisha mpaka kwetu, watoto wa mtaa wakimfuata nyuma kama harusi. Jirani yetu, fundi wa jiko, alimkunjia kipande cha bati cha kuelekeza maji kutoka kwa paa. Akamwonya pipa lisikae karibu na ukuta wa udongo, likae mbele ya mlango. Kukhu akakataa kabisa. Likikaa mbele, alisema, litakuwa la kila mpita njia. Akalisukuma mpaka likaegemea ukuta, na upande wa pili wa ukuta huo ndipo kitanda chetu kilipokuwa.

Mvua ilikuja alasiri moja. Mdogo wangu alikuwa na homa, amefunikwa blanketi kitandani, amekatazwa kutoka hata kidogo. Pipa likajaa. Likaanza kumwagika, na sisi watoto tukashangilia kama ni goli. Kukhu, ambaye sikuwa nimemwona akicheka tangu tumzike mama, akavua kitambaa, akaosha nywele zake nyeupe mbele ya majirani. Kisha akatoa nguo zake mwenyewe. "Leo nafua zangu," alisema, akicheka mpaka akashika kiuno. Hakuna aliyeangalia maji yalikuwa yanamwagikia wapi.

Nikageuka nikamwona mdogo wangu kando yangu, uchi, meno yakigongana kwa baridi, uso umejaa raha. Alikuwa ametoroka kitandani. Kukhu akavua ndala amchape. Ndala ikiwa bado juu, ukuta ukaanguka. Haukupiga kishindo. Ulikaa chini tu kama mtu aliyechoka, juu ya kitanda chote.

Kukhu alimchapa. Halafu akamkumbatia. Halafu akamchapa tena, analia na kucheka, anarudia maneno yaleyale: "Ungenisikia, ungekuwa umekufa. Ungenisikia, ungekuwa umekufa."

Pipa lenyewe lilibaki limesimama, limejaa mpaka juu.

Mwenye ploti alikuja kesho yake, akaangalia akiwa mbali asichafue viatu, akasema upande wa mto hajengi tena. Fundi wa jiko alitupa sakafu yake tulale. Shangazi yetu alikuwa anakaa Kawangware, akaja, akasema ana nafasi ya mtoto mmoja, yule mdogo. Mimi na kukhu tulikuwa twende ushago, kijijini kwao kukhu. Kukhu alimsihi achukue wote wawili. Mimi nilipiga magoti. Shangazi alikuwa analia pia, sio eti alikuwa mbaya, lakini chumba ni chumba.

Asubuhi ya kuondoka kukhu alimsimamisha mdogo wangu kando ya pipa, akamwogesha. "Huendi kwa watu ukiwa mchafu," alimwambia. Alimmwagia kopo baada ya kopo, maji yote yale tuliyoyaota. Mdogo wangu akawa anangoja kukatizwa, na hakukatizwa. Aliuliza, "Niongezwe?" Kukhu akamwongeza. Aliruka, alipiga kelele, alitutemea maji usoni, na mimi nikacheka kicheko cha kweli kabisa, huku moyo unapasuka. Sijawahi kuwa na raha kama ile, na sijawahi kuumia kama vile, na ilikuwa dakika ileile. Mpaka leo sijui kuitenganisha.

Akaondoka ananukia sabuni, ameshikwa mkono, anatupungia. Nilimwonea wivu, ukweli wa Mungu. Alikuwa anaenda kwenye televisheni na chapati za Jumapili.

Hatukumwona tena. Mwanzoni simu ya shangazi ilikuwa inashika, baadaye ikawa haishiki. Kukhu akatuma mtu, mtu akarudi na habari kwamba walihama na hakuna anayejua walikoenda. Kukhu alikufa akiuliza kama simu imeshika.

Nilipokuwa mkubwa nilirudi Nairobi na sikutafuta nyumba Kibera. Nilienda kule mara moja tu. Ukingo wa mto umesafishwa, nyumba zote zimevunjwa, fundi wa jiko hayupo, na mahali pa kitanda chetu pameota majani. Nikaja kupanga Kawangware, kwa sababu ndiko alikoelekea. Nimeuliza makanisani, sokoni, kwa mama wa mboga. Nimekata tamaa mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Siku za jua watu wako kazini au ndani ya nyumba zao, lakini mvua hutoa kila mtu nje na beseni lake, na mtoto aliyependa maji vile, hata akiwa mwanamke mzima, hawezi kubaki ndani. Ndiyo sababu nasimama mlangoni.

Jumamosi mvua ilipungua, watu wakaanza kuingia na ndoo zao, milango ikafungwa mmoja mmoja. Sikumwona. Binti yangu alibaki amesimama kwenye beseni, anatetemeka, anacheka. "Mama, niongeze," akasema. Mimi simkatizi huyu, hata siku moja. Nilimmwagia, nikamwongeza, nikamwongeza tena, macho yangu yakiwa kwenye geti la ploti.