Tangazo la Sanda

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya matangazo, kule Changamwe, Mkuu wa Uandishi hakunipa kalamu. Alinituma Kisauni kwa muuza magodoro, nikakae dukani hadi adhuhuri.

"Nikafanye nini?" nikauliza.

"Ukasikilize. Swali la mnunuzi ndilo tangazo lako. Usilolisikia usiliandike."

Tulifanya kazi hivyo miaka mingi, na hivyo ndivyo nilivyomfundisha Mwanaidi, binti wa mtaa wa Bofu, ambaye mwishowe aliandika vizuri kuliko mimi.

Kisha akaja Meneja wa Masoko, aliyetaka matangazo ya wiki nzima yawe tayari Jumatatu asubuhi. "Mzee, wewe una uzoefu," akaniambia. "Tutengenezee violezo."

Kiolezo, wanangu, ni tangazo lililokwisha kuandikwa likaachiwa nafasi: hapa jina la duka, hapa bidhaa, hapa sikukuu. Unajaza tu. Si kitu kibaya. Kwa kutangaza saa za kufungua duka, kitumieni bila haya. Mimi nilitengeneza arobaini, vya kila namna, nikajiona fundi.

Mwezi haukuisha, Mwanaidi akaambiwa ofisi haimhitaji tena. Kujaza nafasi hakutaki mwandishi.

Idi ilipokaribia, karani mpya alipokea orodha ya bidhaa za muuza nguo wa Likoni: kanzu, kanga, sanda. Yeye ni mtu wa bara, akadhani sanda ni vazi kama mavazi mengine. Akajaza. Wateja wakapata ujumbe kwenye simu zao: "Vaa sanda yetu, upendeze Idi hii!"

Muuza nguo alikuja mwenyewe, hata salamu hakutoa. "Wallahi, mwataka kuwazika wateja wangu wangali hai? Kuna mama kanunua sanda kwangu juzi, kamzika mumewe. Naye kaletewa huo ujumbe wenu!"

Nikamwendea Meneja. "Mrudishe Mwanaidi. Yeye angeuliza."

"Hakuna haja, Mzee. Ongeza tu orodha ya maneno yasiyofaa kujazwa."

Nikaiongeza. Sikubisha hata kidogo, na kunyamaza kule ndiko ninakokujutia kuliko violezo vyenyewe.

Sasa nimestaafu, nakaa Mishomoroni. Juzi Mwanaidi alinipigia simu. Tangu aondoke hajapata kazi ya kuandika.

"Shikamoo, mwalimu. Kuna mahali naomba kazi. Wataka barua ya mtu anijuaye. Niandikie unijuavyo."

"Marahaba, mwanangu. Leo leo, inshallah."

Maombi yanafungwa kesho, na karatasi i mbele yangu. Namjua. Alikuwa akivua viatu, akakaa mkekani na wanunuzi mpaka wakasahau kuwa yuko kazini. Lakini kila nikianza, mkono unaandika: "Mwanaidi ni mfanyakazi hodari, mwenye bidii na nidhamu." Nikisoma, naona waweza kufuta jina lake hapo, ukaweka la mtu yeyote.